Bodi Zisizotatulika: Uchambuzi wa Mchezo wa Taa Uliogawiwa kwa Sheawea

Mchezo wenyewe ni mdogo. Kuna uwanja wa mraba uliojaa taa, baadhi zinawaka na baadhi zimezimika. Ukibonyeza taa moja, inageuka yenyewe pamoja na jirani zake wa juu, chini, kushoto na kulia: iliyokuwa inawaka inazimika, na iliyozimika inawaka. Anayezizima zote ameshinda. Mafumbo ya jamii hii yalikuwamo katika kifaa cha mkononi cha Merlin cha mwaka 1978, na mwaka 1995 Tiger Electronics walitoa Lights Out, yenye taa 25. Mtu anayejifunza kuprogramu huvutiwa nayo haraka, kwa sababu kanuni nzima huandikwa kwa mistari michache na haihitaji picha za kuchorwa kwa ustadi.

Kisa tunachokichambua ni cha mfano, kimeundwa ili kila hatua iweze kukaguliwa kwa kalamu na karatasi. Mchezo umeandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal, unaendeshwa kwenye DOS, mfumo-endeshi wa kompyuta za zamani, na unagawiwa kwa mtindo wa sheawea: nakala ya bure inazunguka kwa yeyote anayeitaka, na anayeridhika analipa. Mtindo huo ulianza mwaka 1982 kwa programu za PC-Talk ya Andrew Fluegelman na PC-File ya Jim Knopf, na mwaka uliofuata Bob Wallace akautumia kwa PC-Write. Kwa upande wa michezo, Scott Miller wa kampuni ya Apogee alionyesha mwaka 1987, kwa Kingdom of Kroz, kwamba inafaa zaidi kutoa sehemu ya kwanza bure na kuuza zinazofuata. Mchezo wetu unafuata njia hiyo. Uwanja wa 3×3 ni wa bure. Anayelipa anapokea ufunguo, yaani namba inayokokotolewa kutokana na jina lake, na ufunguo huo unafungua viwanja vya 4×4, 5×5, 6×6, 7×7 na 8×8, kila kimoja kikiwa na bodi za nasibu zisizo na mwisho.

Bodi inatengenezwa kwa njia ambayo kila anayeanza angeifikiria: programu inapita taa moja baada ya nyingine, inaita Random(2), inayotoa 0 au 1 kwa nasibu, na ikipata 1 inaiwasha.

Malalamiko yalivyo

Wanaocheza bure hawana neno. Wanaolipa wanaandika kwamba mchezo hautatuliki. Mmoja anasema 4×4 haijamalizika hata mara moja. Mwingine anasema 5×5 inakubali siku nyingine na kukataa siku nyingine, na kila inapokataa inabaki taa moja pembeni. Wa tatu anasema 6×6 ni rahisi kuliko 4×4, na anauliza kama viwango vimepangwa kinyume.

Malalamiko ya namna hii hupotosha, na hapo ndipo siku nyingi hupotea. Kwa kuwa tatizo linabadilika kwa ukubwa wa uwanja, jicho linakimbilia sehemu ya programu inayoshughulikia kingo: labda taa ya safu ya mwisho inamgeuza jirani wa mstari unaofuata, au kumbukumbu inasomwa nje ya mpaka. Zote hizo ni kasoro za kweli katika michezo mingine, na ni vyema kuzikagua. Njia ya kukagua ni rahisi: bonyeza kila taa mara mbili, bodi ikirudi ilivyokuwa, kisha ukahesabu taa zilizogeuka kwa kila mbonyezo na kupata 3 kwenye kona, 4 kwenye ukingo na 5 katikati, kubonyeza hakuna kosa. Katika kisa hiki hakuna kosa. Programu inafanya sawasawa kile ilichoambiwa.

Jambo la kumwomba mlalamikaji si maelezo marefu. Mwambie afanye hivi: aanze mstari wa pili na abonyeze kila taa iliyo chini ya taa inayowaka ya mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza utazimika wote. Ashuke mstari wa tatu afanye vivyo hivyo kwa kuangalia wa pili, na aendelee mpaka chini. Kisha aandike mstari wa mwisho umebaki vipi. Jibu hilo peke yake linatosha kutoa hukumu, kama itakavyoonekana.

Kwa nini bodi hazitatuliki

Utaratibu wa kubonyeza haubadilishi matokeo, na kubonyeza taa ileile mara mbili ni sawa na kutoibonyeza. Kwa hiyo suluhisho lolote ni orodha ya taa za kubonyeza mara moja moja. Kwenye 3×3 kuna orodha 512 zinazowezekana, na bodi zinazowezekana pia ni 512. Kila orodha inatoa bodi yake tofauti, kwa hiyo kila bodi ina suluhisho moja na moja tu. Nasibu haiwezi kukosea hapo.

Kwenye 5×5 hesabu inavunjika. Kuna orodha 33,554,432, lakini baadhi yake hazifanyi kitu chochote: ukizibonyeza zote, bodi inabaki kama ilivyokuwa. Tuziite mipangilio bubu. Huu hapa mmoja, 1 ikiwa ni taa ya kubonyeza:

1 0 1 0 1
1 0 1 0 1
0 0 0 0 0
1 0 1 0 1
1 0 1 0 1

Ukiuzungusha robo mzunguko unapata wa pili:

1 1 0 1 1
0 0 0 0 0
1 1 0 1 1
0 0 0 0 0
1 1 0 1 1

Ukiibonyeza yote miwili kwa pamoja unapata wa tatu, wenye mibonyezo 16. Ukiongeza ule wa kutobonyeza lolote, ni minne. Maana yake ni kwamba kila bodi inayotatulika ina masuluhisho manne, kwa hiyo bodi zinazotatulika ni robo tu ya zote: 8,388,608. Robo tatu zilizobaki haziwezi kuzimwa na mtu yeyote, hata akikesha.

Kwenye 4×4 hali ni mbaya zaidi. Mipangilio bubu ni 16, kwa hiyo kati ya bodi 65,536 zinazotatulika ni 4,096, yaani moja kati ya 16. Mnunuzi akijaribu bodi kumi mfululizo, uwezekano wa kutokutana na hata moja inayotatulika unazidi asilimia 52. Zaidi ya nusu ya waliolipa watacheza bodi kumi za kiwango cha kwanza walichokinunua bila kuweza kushinda hata mara moja, na kila mmoja atadhani udhaifu ni wake. Hilo ndilo linaloumiza katika kosa hili: kwa kuwa ni fumbo, mchezaji hujilaumu kwanza.

Kisha 6×6, 7×7 na 8×8 hazina mpangilio bubu hata mmoja. Bodi zote zinatatulika, kama 3×3. Aliyesema 6×6 ni rahisi kuliko 4×4 alikuwa ameona sawa kabisa. Ukubwa hauendi kwa mpangilio unaotabirika: 9×9 inarudi kuharibika, bodi moja kati ya 256 ndiyo inayotatulika, 10×10 ni safi, na 11×11 ni moja kati ya 64.

Sasa turudi kwenye mstari wa mwisho tuliomwomba mlalamikaji. Kwenye 5×5, bodi inayotatulika ikishushwa kwa njia ile, mstari wa mwisho unaweza kuwa mtupu au mmoja kati ya hii saba, 1 hapa ikiwa ni taa inayowaka: 10001, 01010, 11100, 00111, 10110, 01101, 11011. Mwingine wowote ni ushahidi kwamba bodi haikuwa na suluhisho tangu mwanzo. Taa moja iliyobaki peke yake haimo katika orodha, na ndiyo maana yule mnunuzi wa pili aliishia na taa moja pembeni. Kwenye 4×4 kanuni ni fupi zaidi: mstari wa mwisho usipozimika wote, bodi haitatuliki.

Kwa nini majaribio hayakuliona

Mtengenezaji alijaribu zaidi 3×3, kwa sababu ndiyo inayoisha haraka. Skrini ya ushindi aliijaribu kwa kitufe cha siri kinachozima taa zote. Viwanja vikubwa alivifungua, akabonyeza hapa na pale, akaona taa zinageuka vizuri, akaridhika. Hakuna hatua ya majaribio iliyomtaka mtu amalize bodi ya 4×4 kwa haki.

Hapa kuna jambo linaloihusu sheawea yenyewe, na tunaliona kuwa kiini cha kisa. Sehemu ya bure inachezwa na watu wengi, kwa hiyo kasoro zake zinagunduliwa mapema na bila gharama. Sehemu ya kulipia inaonwa na wachache, tena baada ya pesa kutoka mfukoni. Mtengenezaji anakaa na faraja ya kwamba mchezo umejaribiwa sana, kumbe kilichojaribiwa sana ni kile asichokiuza. Katika mchezo huu tofauti ni kali kwa sababu 3×3 haitoi dalili hata kidogo ya kitakachotokea kwenye 4×4. Anayegawa programu kwa mtindo huu anapaswa kugeuza uwiano: saa nyingi za majaribio ziende nyuma ya ufunguo.

Marekebisho

Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuweka kitufe cha kuruka bodi. Tusiikubali. Inamwacha mchezaji asijue kama ameshindwa yeye au bodi, na fumbo likishapoteza uhakika wa kuwa na jibu halina thamani tena.

Njia sahihi ni kuanzia mwisho. Anza na taa zote zimezimika, kisha kwa kila taa piga Random(2), na ikitoka 1 ibonyeze kwa kanuni ileile ya mchezo. Kwa kuwa bodi imetokana na kubonyeza, lazima ina njia ya kurudi. Zaidi ya hapo, kila bodi inayotatulika ina nafasi sawa ya kutokea, jambo ambalo huwezi kulipata ukibonyeza mara kadhaa ovyoovyo, kwani mibonyezo mingine inafutana.

Kuna wanaopendelea kutengeneza kwa nasibu ya zamani na kutupa bodi mbovu. Inakubalika pia. Kwa 5×5, zipe taa namba za biti 0 hadi 24, halafu uhesabu taa zinazowaka ndani ya kila mmoja wa mipangilio bubu miwili iliyochorwa hapo juu: hesabu zote mbili zikiwa shufwa, bodi inatatulika, moja ikiwa witiri, haitatuliki. Vinyago vya biti, yaani mipangilio hiyo ikiandikwa kama namba, ni 22708917 na 28339227. Tahadhari kwa Turbo Pascal: Integer yake ni ya biti 16, kwa hiyo bodi ya taa 25 ikae ndani ya LongInt, yenye biti 32, na unapotengeneza biti andika LongInt(1) shl k (shl husogeza biti kushoto). Ukiandika 1 shl k, biti za juu zinapotea kimyakimya.

Hata hivyo, kuanzia mwisho hakukuambii bodi ni ngumu kiasi gani. Bodi iliyotengenezwa kwa mibonyezo 18 kwenye 5×5 inaweza kuzimwa kwa michache zaidi, kwa sababu ina masuluhisho manne na mtengenezaji anajua moja tu. Hakuna bodi ya 5×5 inayohitaji zaidi ya mibonyezo 15. Kwa hiyo inafaa kuwa na kitatuzi ndani ya programu. Chenyewe ni kifupi: jaribu kila namna ya kubonyeza mstari wa kwanza, shuka kwa njia ile ya kufuata taa, na utunze hesabu iliyo ndogo kabisa. Kila mstari unawekwa kwenye baiti moja.

type TBodi = array[0..9] of Byte;

function Fupi(var taa: TBodi; n: Integer): Integer;
var juu, m, p, idadi, bora, ukomo: Integer;
    b: TBodi;
begin
  bora := -1;
  ukomo := (1 shl n) - 1;
  for juu := 0 to ukomo do
  begin
    b := taa; idadi := 0; p := juu;
    for m := 1 to n do
    begin
      b[m] := b[m] xor ((p xor (p shl 1) xor (p shr 1)) and ukomo);
      b[m+1] := b[m+1] xor p;
      idadi := idadi + Biti[p];
      p := b[m];
    end;
    if (p = 0) and ((bora < 0) or (idadi < bora)) then bora := idadi;
  end;
  Fupi := bora;
end;

Biti ni jedwali la namba 0 hadi 255 linaloeleza kila namba ina biti ngapi zenye 1. Lijazwe mara moja programu inapoanza. Ikirudi -1, bodi haina suluhisho. Kwa 5×5 kazi ni hatua 160, kwa 8×8 ni 2,048, na hata mashine ya zamani haitamfanya mchezaji asubiri. Kinyago cha "and ukomo" kisisahaulike: bila hicho, mbonyezo wa ukingoni unamwagikia biti ambayo si taa, nayo inaweza kumfanya p asifike sifuri.

Kitatuzi hiki kinafanya kazi tatu. Kinaonyesha mchezaji idadi ya chini ya mibonyezo ili ashindane nayo. Kinamruhusu mtengenezaji kupanga viwango kwa ugumu halisi badala ya ukubwa. 4×4, ikisharekebishwa, ni laini kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila bodi yake ina masuluhisho 16 na kushuka mstari kwa mstari kunaimaliza bila ujanja wa ziada. Na kinampa mtengenezaji jaribio ambalo lingelitoa kosa hili siku ya kwanza: andika programu ndogo ya pembeni inayotengeneza bodi elfu moja kwa kila ukubwa, iite Fupi, na isimame ikiona -1. Kwa nasibu ya zamani ingesimama karibu mara moja kwenye 4×4.

Kulirekebisha toleo lililokwisha sambaa

Kurekebisha programu ni nusu ya kazi. Nakala ya sheawea haiitwi irudi nyumbani. Imo kwenye disketi za watu, kwenye mikusanyo ya CD, na kwenye mitambo ya kupakua faili ambako hakuna anayejua ni nani aliyeipandisha. Toleo bovu litaendelea kuvutia wanunuzi muda mrefu baada ya jipya kutoka.

Ndiyo maana ufunguo wa zamani lazima ukubalike na toleo jipya. Aliyekwisha lipa apate marekebisho kwa kuchukua nakala ya bure popote alipo, aandike jina na namba aliyonayo, aendelee. Kubadilisha kanuni ya ufunguo wakati huu, hata kwa sababu nzuri ya kuzuia wizi, ni kuwaadhibu waliolipa. Lakini mchezo ulinganishe majina baada ya kuyageuza yote kuwa herufi kubwa na kuondoa nafasi za ziada. Sehemu ya malalamiko ya "ufunguo haukubaliki" inatokana na herufi kubwa na ndogo tu, na kwa kuwa mtengenezaji ndiye anayekokotoa, anaweza kuzipima funguo zote alizotoa kabla ya kulisambaza toleo.

Namba ya toleo ionekane sehemu tatu: jina la faili la ZIP, ambalo chini ya DOS lina herufi nane tu kabla ya nukta, hivyo TAA11.ZIP inatosha, skrini ya kwanza ya mchezo, na FILE_ID.DIZ, faili fupi la maelezo linalowekwa ndani ya ZIP, ambayo kwa kawaida ni mistari isiyozidi 10 yenye herufi 45 kila mmoja. Katika mistari hiyo michache, mmoja useme waziwazi: bodi za 4×4 na 5×5 za toleo 1.0 nyingi hazikuwa na suluhisho, toleo hili limesahihisha. Wengine huandika "maboresho mbalimbali". Kwa kosa hili haifai, kwa sababu mchezaji aliyekata tamaa hana sababu ya kurudi mpaka aambiwe kwamba hakuwa yeye aliyeshindwa.

Namba za bodi nazo zinahitaji uangalifu. Mchezo uliweka namba ya bodi kwenye RandSeed, mbegu ambayo Random huanzia, kabla ya kuitengeneza, ili wachezaji wapeane namba na kushindana. Njia mpya ya kutengeneza, kwa namba ileile, inatoa bodi nyingine. Faili la alama kwa hiyo lianze na baiti moja ya toleo, alama za zamani za 4×4 na 5×5 zihifadhiwe katika ukurasa wao, na zile za 3×3 zisiguswe: acha njia ya zamani iendelee kutumika kwa 3×3, 6×6, 7×7 na 8×8, ambako haikuwa na kosa.

Mwisho, kwa kuwa toleo jipya linatolewa, ni fursa ya kuondoa tatizo lingine ambalo halihusiani na taa. Mchezo unatumia Crt, kitengo cha Turbo Pascal cha kushughulikia skrini na kibodi, kwa ajili ya Delay, amri ya kusubiri. Crt, kabla hata mstari wa kwanza wa programu haujatekelezwa, huhesabu mizunguko ndani ya mpigo mmoja wa saa wa takriban milisekunde 55 na kugawa kwa 55. Kwenye prosesa za takriban MHz 200 na zaidi jibu halienei katika biti 16, na programu inakufa kwa Runtime error 200. Anayejaribu bure haoni mchezo kabisa, anaona ujumbe huo tu. Tiba ni kutumia Crt iliyorekebishwa, au kuachana nayo na kupima muda kwa kusoma kihesabu cha saa cha BIOS (programu ya msingi ya kompyuta) kilichopo kwenye anwani ya kumbukumbu 0040:006C, kinachopanda mara 18.2 kwa sekunde. Kwa mchezo ambao kitu pekee kinachosubiriwa ni mlio mfupi baada ya mbonyezo, kipimo hicho kinatosha. Mwenye nakala ya zamani asiyeweza kupata mpya aiendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na kushusha idadi ya saikeli, yaani kasi ya kompyuta inayoigwa, mpaka ifunguke.